Nguruwe wa Mikia Mitatu

Papa wa chaudière, mzee aliyelisha moto wa kiwanda chetu, alinikuta uwanjani nikihesabu bidoni za mafuta ya mawese. Nilikuwa nimezihesabu kutoka kushoto nikapata sitini na nne, na sasa nilikuwa nazihesabu kutoka kulia kuona kama zitabaki sitini na nne. Kitu nilichokihesabu mara moja tu, kwangu ni uvumi. Yeye alisimama pembeni akangoja, maana alijua ukinikatiza naanza upya. Nilipofika mwisho akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa demande d'explication. Mtu yeyote aliyefanya kazi Bukavu, iwe ofisini, shuleni au kwa masista, anaijua karatasi hiyo. Mkubwa wako anakuandikia kwamba siku fulani ulifanya jambo fulani, na unapewa saa arobaini na nane ueleze kwa maandishi kwa nini. Ukijibu vibaya unafukuzwa kwa ulichofanya. Usipojibu unafukuzwa kwa kutojibu. Ya papa ilisema kwamba Jumatatu alizima chaudière bila ruhusa, presha ikiwa ya kawaida, akaharibu chungu kizima cha sabuni. Chini kabisa kulikuwa na maneno mawili ya Kifaransa ambayo hata asiyesoma anayatambua kwa umbo: faute lourde. Kosa zito. Ukifukuzwa kwa kosa zito unatoka na nguo ulizovaa. Miaka yake ishirini na mbili ya kulisha moto ingebaki getini, na pensheni aliyobakiza miaka mitatu aipate ingebaki nayo hapohapo.

"Maman," akasema, "wewe ndjo unajuaka kuongea na batu. Uniandikie."

"Kuongea na kuandika haiko kitu moja, papa."

"Andika vile unaongeaka. Mi nitatia sinyatire."

Nilimsogelea karibu kuliko adabu inavyoruhusu, nikanusa. Nilitegemea kasiksi, ile pombe ya ndizi inayomfanya mtu azime vitu visivyostahili kuzimwa. Alinuka chai na moshi. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kunivuruga, kwa sababu kasiksi ingekuwa jibu rahisi kwa kila mtu, hata kwake.

Kiwanda chetu kilikuwa kidogo, kwenye mteremko chini ya mtaa wa Kadutu, kikipika sabuni kwa mafuta ya mawese. Chaudière ni lile pipa kubwa la chuma: kuni za mikaratusi chini, maji ndani, mvuke unatoka kwa bomba kwenda kuchemsha vyungu vya sabuni. Mvuke ukikatika katikati ya mapishi, sabuni inakatika kama maziwa yaliyoharibika, mafuta yanaelea upande wake na maji upande wake, na huwezi kuyapatanisha tena. Papa alikuwa mwenye moto. Mimi nilikuwa mnunuzi. Soda ya sabuni, kuni, misumari, magunia, hata karatasi ya choo cha direkta, vyote vilipita mdomoni mwangu kabla ya kuingia getini, na vilipopita mdomoni mwangu bei ilipungua.

Nilirudi nyumbani na ile karatasi, nikakaa mezani, nikaandika: Mimi niliyetia sahihi hapa chini. Kisha nikakwama. Sikujua ninaeleza nini. Jumatatu nilikuwa kwenye ghala niliposikia feni ya moto imenyamaza, kisha kelele za direkta, kisha harufu ya sabuni iliyokufa. Zaidi ya hapo sikujua kitu. Kesho yake asubuhi nikamtafuta papa. Alikuwa amesimamishwa, haruhusiwi kugusa chochote, lakini hakuna aliyemkataza kukaa, basi alikuwa amekaa kwenye rundo la kuni zake akilitazama pipa lililozimika.

"Kwa nini ulizima?" nikamuuliza, kalamu mkononi.

"Ilikuwa imepanda."

"Nani alikuambia imepanda?"

"Pompe," akasema, akiionyesha ile pampu ya maji.

"Pompe ilisema nini?"

"Ilianza kuvuta pumzi sawa mutu anapanda Kadutu na mufuko ya makala ya kupikia. Inasukuma maji, maji inakataa kuingia. Unaona? Maji inakataa sababu ndani kuko kitu inayirudisha. Na soupape ilianza kulia, kidogo tu, hivi." Akapiga mluzi kati ya meno yake mawili ya mbele.

Soupape ni kile kifuniko cha chuma kinachojifungua chenyewe presha ikizidi, kimwage mvuke kabla pipa halijapasuka. Kikianza kulia, maana yake kinafikiria kufunguka.

"Na kapta? Zilisema nini?"

"Sita virgule moja."

"Zote tatu?"

"Zote tatu."

"Papa, wewe uko moja."

"Ndjo vile," akasema, akatazama miguu yake. "Njo maana nakuomba uniandikie wewe. Mutu moja akibishana na tatu, anaomba mwenye mudomo."

Kapta. Hapa lazima nieleze, kwa sababu nilikuwa najivunia. Mwaka uliotangulia direkta alichoka kumtegemea mzee mwenye masikio, akataka chaudière inayojilinda yenyewe. Akampata ingénieur mmoja wa Goma ambaye hakuwahi kukanyaga kiwandani. Kazi yote aliifanya kwa simu, na fundi wetu wa umeme akawa mikono yake. Tuliwekewa kapta tatu, vidude vidogo vya kupima presha, kila kimoja ukubwa wa kisabuni cha hoteli. Zinapeleka namba kwenye sanduku la ukutani, sanduku linaamua kama feni ipulize moto au inyamaze, na namba hizohizo zinapanda hadi kwenye cloud, ambako direkta anaziona kwenye simu yake akiwa popote.

Nilimuuliza ingénieur wakati ule kwa nini tatu na si moja. Mnunuzi akiona tatu huuliza.

"Moja ikidanganya, maman, mbili zinaishinda," akasema kwenye simu. "Ni kama vote."

"Uchaguzi?"

"Ndiyo. Wengi wakikubaliana, ndjo ukweli."

Nimeona uchaguzi wa kutosha katika maisha yangu. Lakini nilimwelewa upesi. Mji huu hauhitaji ingénieur kuufundisha akiba. Nyumbani kwangu kuna umeme wa mji, kuna paneli ya jua juu ya bati, kuna mshumaa; kuna maji ya bomba, maji ya mvua, na maji ya bidoni kwa siku ambayo yote mawili yamekataa. Nina simu mbili za mitandao miwili. Nilielewa upesi mno, sasa naona, kama mtu anayeitikia kabla ya swali kuisha.

Basi nikampigia tena ingénieur, siku ile ya pili, saa zikiwa zimebaki kama ishirini na kitu. Nikamwambia naandika barua ya papa na nataka kujua kama kapta zinaweza kukosea.

"Moja, ndiyo. Mbili kwa wakati moja, ni bahati mbaya sana. Tatu, maman, na zote zikose sawasawa? Hapana. Hiyo hata Mungu hawezi kuipanga."

"Na kule kwenye cloud? Labda namba zimeharibika huko juu."

"Kule data iko kopi tatu, mahali tatu. Nyumba moja ikiungua, zingine mbili zinabaki na kila kitu."

"Nyumba hizo ziko wapi?"

"Sijuwe kabisa. Iko mbali."

"Kwa hiyo unaweka vitu mahali hujuwe."

"Ndjo maana viko salama," akasema, na sikujua kama anatania.

Nikaomba anitumie namba za Jumatatu, si ule mchoro wa kijani ambao direkta huwaonyesha wageni, namba zenyewe. Zilifika kwenye WhatsApp, orodha ndefu kuliko litania. Nikakaa kwenye gunia la soda nikazisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Asubuhi zilikuwa zinacheza: 5,7, 5,9, 5,8, 6,0. Kisha zikafika 6,1 zikakaa. 6,1. 6,1. 6,1. Dakika moja baada ya nyingine, zote tatu, bila kutikisika. Nilihesabu dakika arobaini na tatu, nikarudia, nikapata arobaini na tatu, kisha papa akavuta mkono wa swichi ya umeme na orodha ikaisha.

Kwa direkta, hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Presha imetulia kama maji ya ndoo, na mzee amezima. Lakini mimi nilikaa juu ya lile gunia nikihisi kitu kinanikwaruza mahali nisipofika kwa mkono. Sijui mvuke. Najua soko. Ukiingia soko la Kadutu ukauliza bei ya mafuta kwa mama watatu, mmoja atakwambia hivi, wa pili atapunguza kidogo kwa sababu ameona unaondoka, wa tatu ataongeza kwa sababu ameona viatu vyako. Hivyo ndivyo unavyojua ni wauzaji watatu. Ukikuta watatu wanakutajia bei moja, bila senti kuzidi wala kupungua, na ukiwabembeleza hakuna anayetikisika, usipoteze mate. Hao si watatu. Nyuma yao kuna mwenye mali mmoja.

Lakini mwenye mali wa kapta ni nani? Moto unawaka, kuni zinaongezwa, mvuke unachukuliwa na vyungu, na presha haipandi wala haishuki hata nukta moja kwa dakika arobaini na tatu? Ama kapta zilikuwa sahihi na moto ulikuwa wa ajabu, ama moto ulikuwa wa kawaida na kapta zilikuwa za ajabu. Nilijaribu kuamini la kwanza kwa sababu kapta nilizinunua mimi. Nikashindwa. Nikajaribu kuamini la pili, nikakuta ingénieur amesimama mlangoni na Mungu wake asiyeweza kupanga.

Nikaenda kwa mlinzi, nikamwambia nataka kuhesabu taa za chumba cha chaudière. Kwa sifa zangu, hakuona ajabu. Akanipa ufunguo. Papa akanifuata bila kuitwa, akasimama kizingitini kwa sababu amekatazwa kuingia.

"Nawasha sanduku," nikamwambia. "Feni hapana. Sanduku tu, nione namba."

"Namba gani? Moto ulikufa tangu juzi."

Niliweka kiganja juu ya lile pipa. Baridi. Baridi kabisa, kama ukuta wa kanisa. Nikainua mkono wa umeme. Kioo cha sanduku kikawaka, kikafikiri, kikatoa namba.

5,4. 5,4. 5,4.

Nikazisoma tena. Nikaweka kiganja tena. Pipa lilikuwa baridi na halikuwa na haya.

"Papa," nikasema, "njoo uone."

"Banikataza kuingia."

"Nyoosha shingo basi."

Akanyoosha shingo. Akatazama namba, akatazama pipa, akanitazama mimi. "Nyamuzinda," akasema, akilitaja jina la Mungu kwa Kishi, jambo alilolifanya mazishini tu. "Presha ya nini? Ya maji ya baridi?"

Nilikuwa na mashahidi watatu walioapa kwamba maiti inapumua. Nikafuata kwa macho kutoka kapta ya kwanza kwenda pipani, kama mtu anayefuata uzi. Kapta ya kwanza ilikaa kwenye kidomo cha chuma. Ya pili, kidomo cha pili. Ya tatu, cha tatu. Vidomo vitatu viliungana kwenye bomba moja jembamba lililojikunja mduara mmoja, na bomba hilo likaingia pipani kwa tundu moja.

Hapo nikakumbuka.

Orodha ya ingénieur ilikuwa imesema: kapta tatu, robine tatu za kufungia mvuke, queue de cochon tatu. Mkia wa nguruwe ndilo jina la mafundi kwa lile bomba lililojikunja; linashika maji ndani ya mkunjo ili mvuke wa moto usiunguze kapta. Kwenye quincaillerie, duka la vifaa vya chuma la Nyawera, muuzaji alikuwa na mmoja tu, na aliutajia bei ya nguruwe mzima. Tulipigana naye nusu asubuhi. Mwishowe yeye mwenyewe, akicheka, ndiye aliyesema, "Maman, ulishaona wapi nguruwe ya mikia tatu? Nguruwe moja, mukia moja. Peleka kwa soudeur akupasulie midomo tatu." Nilicheka. Niliona ni akili. Soudeur, fundi wa kuchomelea, akaunganisha, fundi wa umeme akafunga, mimi nikapiga picha ya kapta tatu zikiwa zimepangwa kama watoto wa komunyo ya kwanza, nikamtumia ingénieur. Akauliza, "Tatu?" Nikajibu, "Tatu." Wala sikudanganya. Direkta alinipongeza mbele ya watu kwa jinsi nilivyopunguza gharama.

"Papa," nikasema, "lile bomba likiziba?"

Alinielewa kabla sijamaliza. Alisahau amekatazwa. Akachukua spana, akafunika kiungo kwa gunia lililolowa, akakilegeza polepole, robo kwa robo, uso wake ukiwa mbali. Tsss. Presha ya Jumatatu iliyonaswa humo, kidogo tu, kama chupa ya bia. Kwenye kioo zile namba tatu zikaanguka kwa pamoja hadi sifuri, zote kwa mara moja, kama darasa linaposikia viatu vya mwalimu. Akaufungua mkia wote, akapiga ncha yake kwenye jiwe. Kikatoka kipande cha ukoko mweupe, chokaa ya maji yetu, kama ule wa ndani ya birika la zamani, urefu wa kidole changu kidogo.

Nikakiokota, nikakitia mfukoni.

"Kwa hiyo Jumatatu ilifika ngapi?" nikauliza.

"Sijuwe, maman. Mi nilisikia tu."

Na hakuna atakayejua. Hilo ndilo bado linanichanganya hadi leo kuliko yote. Namba ambayo haikuwepo imehifadhiwa kopi tatu mahali pasipoungua. Namba iliyokuwepo haikuandikwa popote isipokuwa kwenye sikio la mzee mmoja.

Nikampigia ingénieur, nikamweleza.

"Mimi niliandika mikia tatu," akasema.

"Kapta tatu. Mukia moja."

"Maman, hiyo basi haikukuwa tatu. Ilikuwa moja inaongea na midomo tatu." Kisha, taratibu zaidi: "Soupape ingefunguka. Mungu akipenda, ingefunguka." Nilitamani asingeweka Mungu pale. Ni yeye aliyekuwa amemtoa.

Kesho yake nilipita kwa soudeur kuagiza mikia mingine miwili, na saa zilizobaki zikawa chache. Nikakaa kwenye rundo la kuni karibu na papa, nikaandika barua upya, kwa Kifaransa changu cha biashara, na nikamtafsiria kila sentensi. Ilikuwa barua nzuri. Ilisema pompe ilionyesha dalili, soupape ililia, na baadaye ilibainika kwamba bomba liliziba kwa chokaa, hivyo kapta zikakosea. Nilipenda hasa lile "ilibainika". Hilo neno halina mikono wala miguu. Hakuna anayeweza kulikamata.

Papa alisikiliza hadi mwisho. "Liliziba," akasema.

"Liliziba."

"Lenyewe."

"Chokaa, papa. Maji ya hapa unayijua."

"Na lilijiweka lenyewe pale? Lilikuja na miguu, likasema mi nitakaa hapa peke yangu?"

Nikaanza kuikunja barua.

"Siko nakuchokoza, maman. Lakini direkta atauliza ju ya nini bomba moja. Ni mimi nitakuwa nasimama mbele yake. Nitasema nini? Mi mambo ya quincaillerie sijuwe. Nikisema sijuwe, atasema, unaona, mzee hajuwe kitu, tumufukuze."

Nimebishana na wauzaji wa simenti, na maaskari wa barrière za barabarani, na shemeji zangu. Nikajaribu na yeye. Nikamwambia tuandike "bomba moja kutokana na hali ya soko". Akatikisa kichwa. Nikamwambia tuandike "kulingana na upatikanaji". Akauliza hiyo inamaanisha nini, nikamweleza, akasema inamaanisha wewe, maman, lakini bila jina. Nikasema mimi pia nina watoto. Akasema anajua, anawajua, mmoja alimwibia kuni. Hakuna nilichopunguza. Nilikuwa nauza, na mnunuzi hakuwa na haraka.

Hata sasa siwezi kusema kwa hakika kwa nini niliandika. Ningependa kusema ni dhamiri. Lakini nakumbuka pia nilifikiri kwamba direkta atakwenda kuangalia bomba mwenyewe, na kwamba risiti ya mkia mmoja iko ndani ya faili kwa mwandiko wangu. Vyote viwili vilikuwepo kichwani, na sijui kipi kilishika kalamu. Niliandika: Mnunuzi wa kiwanda aliombwa mabomba matatu akaleta moja. Nikaacha nafasi, papa akatia sahihi yake, polepole, kila herufi kama anachonga.

Ofisini direkta aliisoma akiwa amesimama. Akakaa. Akaisoma tena. Nikaweka ule ukoko mweupe juu ya meza yake, na papa akauweka mkia wa nguruwe kando yake, mezani kukachafuka.

"Lakini kila siku nilikuwa nazitazama hapa," direkta akasema, akiinua simu yake kama inayoweza kumtetea. "Kijani, kijani, kijani!"

"Ilikuwa kijani moja, direkta," nikasema. "Wewe uliiona mara tatu."

"Nililipa tatu!"

"Ulilipa kapta tatu. Ule mukia niliupunguza mimi. Ulinipongeza."

Akampigia ingénieur, akamweka kwenye sauti ya juu, na ingénieur akarudia yote kwa heshima na kwa maneno marefu. Direkta alimtazama papa, akanitazama, akarudi kwa papa, kama mtu aliyepangiwa kumfukuza mtu na sasa hapati wa kumfukuza bila kuanza na yeye mwenyewe. Mwishowe akachukua kalamu akaandika juu ya barua ya papa: sans suite. Isifuatwe. Mimi demande ya kwangu nilipewa juma lililofuata, na niliijibu kwa dakika kumi, maana kazi yote nilikuwa nimeshaifanya. Nilikatwa mshahara, nikabaki kazini.

"Haya, papa," direkta akasema. "Vyungu vinangoja. Maman ameshatafuta mikia mingine miwili kwa soudeur. Tundu zitatobolewa, mukifunga tu, uwashe."

"Nitawasha," papa akasema. Hakuinuka.

"Nini tena?"

"Kesho kapta zitakubaliana tena. Na mimi nitasikia kitu ingine. Nizime ama nipige telefone kwanza?"

"Utanipigia, tutaongea."

"Na kama telefone haina réseau?"

Direkta akafungua mdomo. Nilimwona akihesabu: mzee mmoja, kapta tatu, mabomba matatu, kopi tatu, simu moja. Sijui alipata ngapi. Mimi mwenyewe nilipojaribu kuhesabu sikupata. Kama wengi ndio ukweli, mzee huyu anahesabiwa kama nani? Na kama yeye pekee anaweza kuwashinda wote, tulinunua ya nini?

"Uzime," direkta akasema mwishowe. "Uzime kwanza, tuongee kisha."

"Andika," papa akasema.

Ikaandikwa. Sentensi mbili: kwamba mwenye moto anaweza kuzima chaudière bila kuomba ruhusa, hata kama kapta zote zinasema ni sawa, na kwamba hataulizwa kwa maandishi. Direkta akatia sahihi. Nikamsomea papa. Akaniomba nisome tena ile ya pili. Kisha akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake, akairudisha mezani.

"Cachet iko wapi?"

"Sinyatire yangu haitoshi?"

"Ile karatasi ya kunifukuza ilikuwa na cachet."

Mhuri ulikuwa ndani ya droo ya sekretari, droo ilikuwa imefungwa, ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba wa sekretari, na sekretari alikuwa Bagira kwenye kilio. Direkta akamwambia papa awashe sasa, mhuri utapigwa jioni. Papa akasema hana haraka, na akatoka kukaa kwenye benchi la korido, kofia juu ya goti. Nikakaa karibu yake. Tulisikia mafundi wakitoboa chuma kule chini. Tulisikia wakimaliza. Direkta alipita mbele yetu mara nne, na mara ya nne akaleta chai, kikombe kimoja, akampa papa.

Sekretari alirudi na viatu vyenye matope ya makaburini. Akaelezwa, hakuelewa, akafungua droo. Akaupumulia mhuri, akaubonyeza kwa uzito wa mwili wake wote. Papa aliichukua karatasi akaisogeza dirishani. Akagusa ule mduara kwa kidole, kidole kikatoka na buluu.

"Haiyakauka," akasema.

Akakaa tena, karatasi ikiwa wazi juu ya viganja vyake, akaipulizia.